Froebel, mzee aliyecheza na watoto hadi serikali ikaingiwa na hofu

KEDOWA ni kituo kidogo kando ya barabara kuu baina ya Mau Summit na mji wa Kericho, si mbali na Londiani. Ni nchi ya miteremko, ya mvua ya alasiri na ya udongo unaoteleza, huku msitu ukiwa upande mmoja na mashamba ya mahindi, viazi na majani chai upande wa pili.

Wakati wa likizo, mpita njia katika sehemu hizo hakosi kuwaona watoto wakivuta kigari cha mbao hadi juu ya kilima, kisha wakikipanda na kuteremka nacho kwa kelele. Magurudumu yake ni vipande vya gogo vilivyotobolewa katikati. Ekseli ni fito iliyochongwa kwa panga, na breki ni kisigino cha dereva.

Hakuna mwalimu aliyewafunza hayo. Gurudumu linapokwama, kikao huitishwa papo hapo. Mmoja hushikilia kwamba tundu ni jembamba, mwingine kwamba fito imepinda, na wa tatu kwamba mzigo umeegemea upande mmoja. Tundu hupanuliwa kwa msumari uliotiwa motoni, kigari hujaribiwa tena, na hukumu hutolewa na mteremko wenyewe.

Shule zinapofunguliwa, wadogo miongoni mwa watoto hao huketi kimya darasani, mikono juu ya dawati, wakinakili herufi kutoka ubaoni. Mzazi anayepita dirishani huridhika kwamba sasa mwanawe ameanza kusoma. Yale ya kilimani huhesabiwa kuwa utundu.

Pengo hilo kati ya kilima na darasa si la Kedowa pekee, wala halikuanza jana. Wapo waliojaribu kuliziba mapema, akiwemo Robert Owen aliyefungua shule ya watoto wadogo wa wafanyakazi wa kiwanda chake huko Scotland mnamo 1816. Lakini hakuna aliyelishughulikia kwa bidii na kwa gharama kubwa zaidi kuliko Mjerumani aitwaye Friedrich Froebel, ambaye aliipa shule ya watoto wadogo jina lake linalotumika hadi leo: bustani ya watoto.

Sisi husema chekechea, wengine nasari, na ndugu zetu wa Tanzania huita shule ya vidudu. Yote ni matawi ya mti mmoja, na aliyeupanda alikufa akiamini kwamba umekatwa.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima yenye misitu ya Thuringia. Wakati huo hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani, bali vijidola vingi, kila kimoja na mtawala wake. Babake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye waumini waliotapakaa katika vijiji kadhaa, na kazi haikumwachia nafasi ya kukaa na watoto.

Mamake alifariki mtoto akiwa hajatimiza hata mwaka mmoja. Baba alioa tena, na kwa muda mfupi mama wa kambo alimpenda mtoto yule. Alipojifungua wa kwake, mapenzi yakahamia huko. Friedrich akaachwa azurure peke yake kati ya nyumba, kanisa na bustani, akitazama mimea na wadudu kwa kukosa wa kuzungumza naye.

Babake alimwona kuwa mzito wa kuelewa. Alimpeleka katika shule ya wasichana ya kijiji, ambako palikuwa na utulivu zaidi. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi, mjombake, aliyekuwa mchungaji katika mji wa Stadtilm, alimchukua akaishi naye. Huko kwa mara ya kwanza alipata watoto wenziwe wa kucheza nao.

Waandishi wengi wa maisha yake huitaja michezo hiyo kwa mstari mmoja, kisha wakakimbilia vyuo vikuu. Nadhani wanakosea. Mtoto aliyenyimwa michezo kwa miaka kumi, kisha akafunguliwa mlango, hujua thamani yake kuliko yule aliyezaliwa ndani yake.

Mwaka 1797 alipelekwa kwa bwana misitu ili ajifunze kupima ardhi na kutunza miti. Msomaji wa Londiani, wenye chuo cha misitu, anaijua kazi hiyo. Bwana yule alikuwa na maarifa mengi lakini hakuwa na wakati wala kipaji cha kufundisha. Kijana alijisomea vitabu vya hisabati na vya mimea, akapima miti na mabonde, na baada ya miaka miwili akaondoka.

Kilichofuata ni miaka ya kutangatanga. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Jena mnamo 1799, akaingia katika madeni madogo, akafungwa wiki tisa katika gereza la chuo. Alirudi nyumbani kwa aibu. Baada ya kifo cha babake mwaka 1802 alikuwa karani, mpimaji wa ardhi na mwandishi wa hesabu katika mashamba ya mabwana, asidumu popote.

Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akitaka kusomea usanifu wa majengo. Mwalimu mkuu wa shule moja mjini humo, Anton Gruner, alimshauri aachane na majengo na kumpa darasa la wavulana. Froebel alikuwa na miaka 23. Tangu siku hiyo hakuwa tena na shaka juu ya kazi aliyozaliwa kuifanya, ingawa penzi la majengo halikumtoka, kama tutakavyoona.

Shule ya Gruner ilifuata mafunzo ya Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi aliyeshikilia kwamba mtoto aanze na kitu chenyewe kabla ya neno. Froebel alimzuru Pestalozzi mjini Yverdon mwaka huo huo, kisha akarudi kukaa naye kuanzia 1808 hadi 1810 pamoja na wavulana watatu wa familia aliyoitumikia kama mwalimu wa nyumbani. Aliondoka akiwa na heshima kubwa kwa mzee huyo na malalamiko kadhaa. Aliona kwamba vitu vingi vilionyeshwa watoto bila kuunganishwa, na kwamba wale wadogo zaidi, ambao bado wako mikononi mwa mama, walikuwa wamesahauliwa.

Akarudi kusoma, Göttingen kwanza kisha Berlin. Mjini Berlin alisoma elimu ya madini chini ya Christian Samuel Weiss, bingwa wa fuwele. Anayetaka kuelewa vijiti na vipande vya mbao vya Froebel aanzie hapo. Fuwele ya chumvi ni mchemraba, na ukiivunja hupata michemraba midogo. Froebel aliona kwamba maumbile hujenga kwa maumbo machache sana, yakirudiwa na kuunganishwa. Akajiuliza kwa nini mtoto asikabidhiwe maumbo hayo hayo aanze kujenga ulimwengu wake.

Vita vilimkatiza. Mnamo 1813 alijiunga na kikosi cha wanajeshi wa kujitolea cha Lützow kupigana na majeshi ya Napoleon. Hakupigana sana, lakini jeshini alikutana na vijana wawili, Heinrich Langethal na Wilhelm Middendorff, waliomfuata maisha yao yote. Mwaka huo huo nduguye Christoph alikufa kwa homa baada ya kuwauguza wanajeshi, akaacha wavulana watatu.

Mayatima hao ndio waliomfanya Froebel aache kazi yake katika makumbusho ya madini ya Berlin. Mwaka 1816 alifungua shule katika kijiji cha Griesheim akiwa na wanafunzi watano, wote wana wa ndugu zake. Mwaka uliofuata aliihamishia Keilhau, kijiji kilichojificha bondeni, na mnamo 1818 akamwoa Wilhelmine Hoffmeister, binti wa Berlin aliyeacha maisha ya starehe akaja kupikia wavulana nyumba ambayo haijamalizika kujengwa.

Keilhau ilikuwa shule ya ajabu. Wavulana walilima, walijenga mabwawa kwenye vijito, waliunda vinu vidogo vya maji na kutembea milimani kwa siku kadhaa. Fedha zilikosekana karibu kila mwezi. Kufikia mwaka 1825 wanafunzi walikuwa wamekaribia 60, na mwaka 1826 Froebel alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu malezi ya mwanadamu. Niseme wazi kwamba si kitabu chepesi. Sentensi zake ni ndefu, na dini, falsafa na jiometri zimesukwa pamoja hata msomaji akapotea njia.

Dola kubwa ya Prussia haikuipenda shule hiyo. Zilikuwa nyakati ambapo wanafunzi na walimu wenye fikra za uhuru walitiliwa shaka kila mahali. Mkaguzi alitumwa, akaandika ripoti ya kuisifu. Lakini uvumi una miguu mirefu kuliko ripoti. Wazazi waliwaondoa watoto wao, na miaka michache baadaye wanafunzi waliosalia hawakufika hata kumi.

Froebel akahamia Uswisi mwaka 1831. Huko nako alipata marafiki na maadui kwa kipimo kilekile. Katika mji wa Burgdorf alisimamia nyumba ya mayatima, na ni kwa kuwatazama wale wadogo kabisa ndipo alipofikia uamuzi kwamba amekuwa akianza kazi kwa kuchelewa. Mtoto wa miaka saba tayari ana mazoea. Kazi ianze mapema, na katika umri huo lugha pekee anayoimudu mtoto kikamilifu ni mchezo.

Alirudi Ujerumani kwa sababu ya afya ya mkewe. Mwaka 1837, akiwa na miaka 55, umri ambao wengi wetu huanza kuhesabu siku za kustaafu, alifungua katika mji mdogo wa Blankenburg karakana ya kuunda vifaa vya kuchezea watoto. Vifaa hivyo aliviita zawadi.

Zawadi ya kwanza ni mipira sita laini ya nyuzi za sufu, kila mmoja na rangi yake na uzi wake wa kuuning'iniza. Mtoto mchanga huuvuta, huuachilia, huuzungusha. Hujifunza kwamba kitu kinachokwenda kina njia, na kwamba mkono wake ndio ulioamua njia hiyo.

Zawadi ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na kigari cha Kedowa. Ni maumbo matatu ya mbao ngumu: tufe, mchemraba, na baadaye mcheduara uliowekwa kati yao. Tufe hubingirika upande wowote. Mchemraba haubingiriki kamwe, ukiusukuma huburura. Mcheduara una tabia za wote wawili, kwani husimama ukiusimamisha na hubingirika ukiulaza, ila kwa mwelekeo mmoja tu.

Mtu mzima huyapita hayo bila kuyatazama. Lakini ndani ya tofauti hiyo ya tufe na mcheduara mna siri ya gurudumu. Gogo lililolazwa chini ya mzigo mzito huupeleka mzigo unakotaka mwenye kuusukuma, na kipande cha gogo hilo kilichotobolewa katikati na kutiwa fito ni gurudumu na ekseli yake. Mtoto aliyeshika maumbo hayo matatu kwa muda wa kutosha hahitaji kuambiwa kwa nini gari halina magurudumu ya mraba.

Froebel aliyatoboa maumbo hayo ili uzi au kijiti kipite. Ukiuning'iniza mchemraba kwa uzi uliotoka katikati ya uso wake na kuuzungusha kwa kasi, pembe hupotea na jicho huona mcheduara. Ukiuning'iniza mcheduara kwa ubavu na kuuzungusha, ndani yake huonekana tufe. Watoto walishangaa, na mshangao ulikuwa sehemu ya somo.

Zawadi ya tatu ni mchemraba wa mbao uliokatwa kuwa michemraba midogo minane. Ya nne ni vipande vinane mfano wa matofali. Ya tano na ya sita zina vipande vingi zaidi, na katika ya tano baadhi ya michemraba imekatwa mshazari, hivi kwamba mtoto hupata kabari na mteremko. Sasa anaweza kuezeka paa, kujenga daraja, au kuegemeza ubao na kushindanisha mipira.

Kila zawadi ilitiwa katika kisanduku chenye kifuniko cha kuteleza. Mwalimu alikipindua kisanduku mezani, akakichomoa kifuniko, akakiinua kisanduku, na umbo likabaki limesimama likiwa zima. Mtoto alianza na kitu kamili, akakivunja, akajenga, na mwishoni akakirudisha kilivyokuwa. Penzi la majengo lililoachwa Frankfurt lilikuwa limerudi kwa mlango wa watoto.

Kulikuwa na sheria mbili ambazo ningependa kila mwalimu wa nasari azitafakari. Kwanza, kila kipande sharti kitumiwe. Kisichofaa kuwa ukuta kiwe kiti, mti au mlinzi mlangoni. Pili, jengo la kwanza lisibomolewe kwa kofi ili lijengwe la pili, bali lihamishwe kipande kwa kipande, kiti kikawa ngazi na ngazi ikawa daraja. Sheria ya kwanza humlazimu mtoto kutafuta suluhu kwa alichonacho. Ya pili humfundisha kwamba kutoka tatizo moja hadi jingine kuna hatua, na hatua hizo huweza kufuatwa.

Baada ya zawadi zilikuja kazi za mikono: kukunja karatasi, kusuka, kutoboa, kushona, kufinyanga. Miongoni mwa hizo mna moja ya kupendeza sana, nayo ni njegere zilizorowekwa na vijiti vilivyochongoka. Njegere ni kiungo, kijiti ni boriti. Mtoto hujenga fremu ya nyumba, akaisukuma kwa kidole, ikalala ubavu. Akiongeza kijiti cha mshazari, nyumba husimama imara. Fundi yeyote wa paa huko Kericho anajua hivyo, na wengi walijua baada ya hasara.

Hayo si makisio matupu. Mmarekani Buckminster Fuller, msanifu maarufu wa majumba ya kuba, alisimulia uzeeni kwamba alizitambua nguvu za pembetatu akiwa chekechea, kwa njegere na vijiti, wakati macho yake mabovu yalimzuia kuiga maumbo ya mraba ya wenzake. Frank Lloyd Wright, naye msanifu mkubwa wa Marekani, alikumbuka hadi mwisho wa maisha yake vipande vya Froebel ambavyo mamake alivinunua baada ya kuviona katika maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876.

Jina lilipatikana katika majira ya kuchipua ya mwaka 1840. Froebel alikuwa akitembea milimani na Middendorff na rafiki mwingine, Johannes Barop, akielekea Blankenburg, alipoliona bonde limetulia chini yake kama bustani, na jina alilolitafuta kwa muda mrefu likamjia. Tarehe 28 Juni mwaka huo alilitangaza hadharani. Mtoto ni mmea, mwalimu ni mtunza bustani. Mtunza bustani hamvuti mche masikio ili urefuke.

Wilhelmine hakuishi kuliona jambo hilo. Alifariki mwaka 1839.

Froebel alitaka wanawake wa Ujerumani wanunue hisa za thamani ya thaler kumi kila moja ili kuigharimia bustani ya kwanza. Alitumaini kuuza hisa 10,000. Zilizouzwa zilikuwa chache mno, na kufikia 1844 kituo cha Blankenburg kilikuwa kimefungwa kwa ukosefu wa fedha. Mwenyewe alishika njia, akizunguka miji akihutubia mama na walimu, na mwaka huo akachapisha kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole ya mama na mtoto.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Froebel alisisitiza kwamba wanawake wafunzwe kazi hii kama taaluma, walipwe, na waheshimiwe, wakati ambapo mwanamke wa tabaka la kati hakuwa na kazi nje ya nyumba isipokuwa kulea watoto wa tajiri. Mabinti walimjia. Wanaume wasomi wengi walimcheka.

Mnamo 1849 alikuwa katika mji wa chemchemi za tiba wa Liebenstein. Wageni walimwona mzee mwenye nywele ndefu za mvi akirukaruka milimani, nyuma yake msururu wa watoto wa kijiji, wengine peku. Wenyeji walimwita mzee mpumbavu. Bibi wa ukoo wa kifahari, Bertha von Marenholtz-Bülow, alisikia kejeli hizo, akaenda kumtazama kwa macho yake, na akaishia kuwa mtetezi wake mkuu. Kwa juhudi zake mtawala wa Meiningen alimpa Froebel jumba la Marienthal liwe chuo cha walimu.

Mzee alionekana kufika bandarini. Katika kiangazi cha 1851 alimwoa Luise Levin, mwanafunzi wake aliyekuwa amezaliwa mwaka 1815. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Agosti, waziri wa elimu wa Prussia, Karl von Raumer, alipiga marufuku bustani zote za watoto katika dola hiyo, kwa madai kwamba zinaeneza ujamaa na kumkana Mungu.

Sababu moja ya amri hiyo ilikuwa kuchanganya majina. Mpwa wa Froebel aitwaye Karl alikuwa ameandika kijitabu kuhusu elimu ya juu ya wasichana na bustani za watoto, chenye fikra kali za kisiasa. Waziri alimhesabia mzee maandishi ya kijana. Froebel aliandika kueleza, akatuma vitabu vyake vilivyojaa jina la Mungu karibu kila ukurasa, akamwomba mfalme mwenyewe. Amri haikubadilishwa.

Lakini ingekuwa kosa kuamini kwamba palikuwa na ajali ya jina tu. Mapinduzi ya 1848 yalikuwa yamezimwa juzi, na serikali ilitaka shule zitoe raia watiifu. Mtoto wa miaka minne anayezoea kuuliza kwa nini daraja limeanguka, kisha akaligeuza apendavyo, huenda siku moja akauliza hivyo hivyo juu ya mambo mengine. Von Raumer alimsoma Froebel vibaya, ila sidhani kama alikosea kabisa kuhusu vipande vya mbao.

Froebel alifariki Marienthal tarehe 21 Juni 1852, akiwa na miaka 70 na miezi miwili, amri ikiwa bado inatumika. Iliondolewa mwaka 1860.

Kufikia hapo mbegu ilikuwa imebebwa na wale waliofukuzwa. Wajerumani waliokimbia nchi yao baada ya 1848 walifungua bustani ya watoto jijini London mwaka 1851, na Margarethe Schurz akafungua ya kwanza ya Marekani katika mji wa Watertown, jimbo la Wisconsin, mwaka 1856. Japani ilikuwa na yake mwaka 1876. Huenda amri ya Berlin ilieneza kazi ya Froebel kuliko hisa zake zote.

Wafuasi nao walimtenda. Katika miji mingi zawadi ziligeuzwa gwaride: watoto wote waliinua mchemraba kwa amri moja na kuuweka mahali pamoja. Ilipofika mwisho wa karne hiyo, wanaelimu wa Marekani kama John Dewey walilazimika kumkumbusha kila mtu kwamba mchezo unaoamrishwa ni kazi iliyovikwa nguo za mchezo.

Katika Kenya, vituo vya watoto wadogo wa Kiafrika vilianzia kwenye mashamba makubwa ya kahawa, majani chai na miwa katika miaka ya 1940 na 1950. Mama alikwenda kuchuma chai, mtoto akaachwa na mlezi. Lengo lilikuwa mtoto asiumie na asizurure. Wakati wa Hali ya Hatari, vituo kama hivyo vilianzishwa pia katika vijiji vya dharura vya Kenya ya Kati.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1971, serikali na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi walipoanzisha mradi wa elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu ya Kenya. Uliendelea hadi 1982, ukazaa kituo cha kitaifa cha kuwafunza walimu wa chekechea, NACECE, mwaka 1984, na vituo vya wilaya mwaka uliofuata. Walimu walihimizwa kuunda vifaa kwa vitu vya mahali walipo: magunzi, vizibo vya chupa, mbegu, udongo wa mfinyanzi, mabaki ya mbao.

Katiba ya 2010 ilikabidhi elimu hiyo kwa kaunti, na mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote Januari 2019 unataka mtoto wa chekechea atende, aunde na atatue matatizo. Kwa maandishi, Froebel ameshinda. Nimehariri habari za matokeo ya mitihani kwa miaka mingi, na sikumbuki ukurasa wa kwanza uliotengwa kwa ajili ya daraja la vijiti lililojengwa na mtoto wa miaka mitano. Mzazi anayelipa karo bado huuliza daftari limejaa kurasa ngapi.

Na gharama si kisingizio. Kisanduku cha Froebel cha mbao nzuri kinaweza kuwa ghali, lakini somo lake halimo katika mbao. Ubao ulioegemezwa kwenye jiwe ni wenzo, na watoto wawili wa uzito tofauti wataketi juu yake na kugundua bila kuambiwa kwamba mzito lazima asogee katikati. Ubao huo huo ukiegemezwa kwenye ngazi ya darasa ni mteremko wa kupandishia debe la maji. Kamba iliyopitishwa juu ya tawi ni roda, hafifu lakini roda. Mizani inayoning'inia katika kituo cha kununulia majani chai inaweza kuigwa kwa fito, kamba na vifuu viwili vya plastiki, ikapima viazi dhidi ya mawe. Kinachohitajika ni mwalimu atakayeuliza swali kisha anyamaze, na kunyamaza ndiko kazi ngumu.

Froebel alizikwa katika kijiji cha Schweina, jirani na Marienthal. Middendorff, aliyekuwa naye tangu siku za vita, alibuni alama ya kaburi lake kwa maumbo ya zawadi ya pili: mchemraba chini, mcheduara juu yake, na tufe kileleni. Naye Middendorff alifariki mwaka 1853.

Luise alibaki mjane baada ya ndoa ya mwaka mmoja. Alihamia Hamburg, mji ambao haukuwa chini ya amri ya Prussia, akaendelea kuwafunza walimu wa bustani za watoto. Alifariki huko mwaka 1900.